Nyundo za Karagwe: Habari za Wahunzi wa Kale na Mafundi wa Nyumbani

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaosoma maneno haya yakiisha kupigwa chapa, leo twapenda kuzungumza nanyi habari za vyombo vya kazi: nyundo, koleo, tupa, msumeno, spana, na vingine vya jamii hiyo, ambavyo mtu huviweka katika sanduku au katika pembe ya nyumba ili avitumie siku kitu kinapovunjika. Labda mmoja wenu atauliza, Je, nyundo ina historia gani? Historia si habari za wafalme na vita? Twamjibu kwamba katika nchi ya Karagwe nyundo ilikuwa jambo la wafalme, na mtu atakaye kujua habari za ufalme ule hana budi kuanza kwa mhunzi.

Nchi tunayoitaja iko pembeni kabisa mwa Tanzania, upande wa kaskazini na magharibi. Mto Kagera umeizunguka kama mkono: ng'ambo ya magharibi ni Rwanda, na ng'ambo ya kaskazini ni Uganda. Zamani ilikuwa milki moja. Siku hizi ni wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, yaani Karagwe na Kyerwa, maana Kyerwa ilitengwa kuwa wilaya yake yenyewe mwaka 2012. Wenyeji ni Wanyambo, watu wa migomba, kahawa na ng'ombe. Mapokeo yao yasema kwamba nchi ilikuwa mikononi mwa Nono wa ukoo wa Wasiita, hata akaja Ruhinda akaitwaa, na uzao wake ukatawala kwa jina la Abakama. Makao makuu yao yalikuwa Bweranyange.

Mwezi wa Novemba 1861 walifika huko Waingereza wawili, Bwana Speke na Bwana Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Omukama wa wakati ule alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara, naye akawapokea kwa heshima na kuwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Bwana Speke alipoingia katika nyumba ya mfalme aliona mikuki iliyofuliwa kwa ustadi mwingi, na vyombo vya shaba vyenye ndoana kama nanga ndogo, na ng'ombe wadogo wa chuma. Miaka kumi na minne na zaidi ikapita, na mwaka 1876 akaja Bwana Stanley. Yeye pia alionyeshwa nyumba ya hazina, akasimulia habari za bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, na mundu za chuma, na mikuki mikubwa ambayo hakuna askari angeichukua vitani.

Hapo ndipo penye shauri letu. Bwana Speke hakuishia katika kuwataja ng'ombe wale wa chuma. Aliongeza ya kwamba walifuliwa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha mfalme. Kafuro palikuwa mahali pa biashara, si mbali na Bweranyange. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863, nacho kimesomwa na watu wengi sana. Mtu akikisoma kwa haraka atadhani kwamba watu wa Karagwe walijua ng'ombe wa nyama na damu, ila ng'ombe wa chuma iliwapasa kufanyiziwa na wageni.

Sisi hatulikubali neno hilo. Waarabu wa Kafuro walikuwa wafanyabiashara. Walikuja na nguo, shanga na nyaya za shaba, wakatafuta pembe za ndovu. Shaba ile yamkini ilitoka kwao, maana waya wa shaba ulikuwa bidhaa kubwa ya misafara. Lakini kuleta waya si kufua ng'ombe. Tena, mtu aliyekaa ugenini majuma machache, akiongea na mfalme juu ya mito na milima, huandika aliyoambiwa au aliyodhani, wala hatujasoma kwamba alikwenda kusimama penye kiwanda cha mhunzi akamtazama akifanya kazi. Wanaochunguza mambo ya kale, miongoni mwao Hamo Sassoon aliyeandika mwaka 1983, na Andrew Reid na Rachel MacLean walioandika mwaka 1995, wamevitazama vyombo vya Karagwe kuwa alama za ufalme wenyewe, wala si vitu vya kuchezea.

Na jambo hili halikuwa la Karagwe peke yake. Rwanda, ng'ambo ya mto, alizikwa mfalme wa karne ya 18 aitwaye Cyirima Rujugira. Kaburi lake lilifukuliwa na wataalamu, na Francis Van Noten akachapisha habari zake mwaka 1972. Penye kichwa cha mfalme yule walikuta vyuma viwili vizito vya kufulia. Katika nchi hizi za maziwa chuma cha namna ile kilifanya kazi mbili: kikishikwa mkononi ni nyundo, na kikisimikwa katika ardhi ni fuawe. Hakuna mtu amlazaye mfalme wake juu ya chombo cha kazi ya watu duni. Mhunzi alichukua udongo mwekundu akautoa jembe la kulimia na mkuki wa kulindia nchi. Mfalme naye alitakiwa kuwapa watu wake chakula na ulinzi. Basi haikuwa ajabu wakimfananisha mmoja na mwingine.

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa vijana wengi huchanganya kazi mbili za chuma. Kazi ya kwanza ni kuyeyusha, yaani kukitoa chuma katika mawe yake. Kazi ya pili ni kufua, yaani kukipasha moto chuma kilichokwisha patikana na kukipiga mpaka kiwe na umbo. Kazi ya pili yaonekana mpaka leo katika magulio yetu. Ya kwanza imekoma, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya ajabu.

Ushahidi mzuri wa kuyeyusha umepatikana kwa jirani zetu Wahaya, upande wa Ziwa Viktoria, katika mahali kama Katuruka na Kemondo. Huko mabaki ya tanuri yaonyesha kwamba chuma kilikuwa kikiyeyushwa kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 Profesa Peter Schmidt, pamoja na mtaalamu wa madini Donald Avery, waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuri tena. Wazee wale walikuwa hawajaifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka hamsini hivi. Walikuwa vijana walipoiona mara ya mwisho. Iliwabidi kukumbushana, huyu akijua udongo, yule akijua makaa, mwingine akijua nyimbo na miiko, na kujaribu zaidi ya mara moja.

Walichimba shimo wakalipaka udongo wa kichuguu, maana udongo huo hustahimili moto. Wakalijaza manyasi ya majabali ya maji, yaani yale yaotayo katika kinamasi, wakayachoma mpaka yakawa masizi meusi. Juu ya shimo wakajenga ukuta wa mviringo, kimo chake kinapungua kidogo mita moja na nusu, kwa udongo wa kichuguu na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani. Kuzunguka chini wakapenyeza mabomba manane ya udongo, na kila bomba likawa na mivuo yake ya ngozi ya mbuzi. Ndani wakatia makaa na mawe ya chuma. Vijana wakavukuta kwa zamu saa nyingi bila kupumzika, huku wakiimba ili mikono yao iende pamoja. Mwisho wake, ukuta ukabomolewa na bonge la chuma likatolewa.

Schmidt na Avery walichapisha habari hizi mwaka 1978, wakasema kwamba mabomba yale, kwa kuwa yaliingia mpaka ndani ya moto, yaliipasha hewa joto kabla haijayafikia makaa, na kwa hiyo moto ukazidi nguvu. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya jambo la hewa hiyo, na mabishano yangali yapo. Lakini lililo kubwa halibishaniwi: watu wa nchi hii waliyeyusha chuma kizuri kwa udongo, manyasi, ngozi na akili zao, karne nyingi kabla meli ya kwanza ya Wareno haijaonekana pwani ya Afrika ya Mashariki.

Mbona basi kazi hiyo ikakoma? Wengi hudhani palitokea amri moja iliyozima moto wote siku moja. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Tanuri moja lilikula makaa mengi, na makaa ni miti, na miti ilikuwa ikipungua karibu na vijiji. Kisha wakaja Wadachi mwishoni mwa karne ya 19, na baada yao Waingereza, na pamoja nao majembe ya kiwandani yaliyoletwa kwa meli na kuuzwa dukani. Jembe lililokuwa mali ya kuposea mke na kulipia kodi ya mfalme likawa kitu cha kununuliwa kwa fedha ya kahawa. Hata kufikia miaka ya 1930 tanuri zilikuwa karibu zimezimika zote. Wako wanaolililia jambo hili kama msiba mtupu. Sisi twaona kwamba mwanamke aliyepata jembe bila kungoja tanuri hakuwa na sababu ya kulia. Kilichopotea hakikuwa jembe. Kilikuwa elimu, na wale wazee wa mwaka 1976 walikuwa karibu watu wa mwisho kuibeba vichwani mwao.

Tanuri lilipozimika, kiwanda cha kufua hakikuzimika. Mhunzi alipoona kwamba hana tena bonge la chuma la nyumbani, alitazama huku na huku akaona chuma kingine kinakuja chenyewe kwa magurudumu. Motokaa na malori zilipoanza kupita katika barabara za Bukoba na Karagwe, na barabara zenyewe mwajua zilivyokuwa, springi zilivunjika. Bamba la springi lililovunjika halifai tena garini, lakini kwa mhunzi ni mali. Chuma chake ni chuma cha pua, kilichotiwa kaboni ya kadiri, nacho chaweza kugeuzwa kuwa kigumu kwa moto na maji. Nondo ya kujengea haifai hivyo. Ukiifanya kisu, kitapinda.

Mhunzi hulipasha bamba hilo mpaka liwe jekundu, akalikata kwa patasi ya moto, akalipiga juu ya fuawe akilivuta kuwa mundu wa kupogolea migomba, au kisu, au shoka, au tezo ya kuchongea. Likiisha kupata umbo, hulipasha tena na kulitumbukiza majini upesi. Sasa limekuwa gumu, lakini ni gumu kama kioo: ukilidondosha juu ya jiwe laweza kukatika. Hapa ndipo mhunzi mwanafunzi hutengana na mhunzi hodari. Hodari hulisugua ubavu mmoja mpaka ung'ae, kisha hulipasha polepole mbali kidogo na moto, huku akitazama rangi zinavyotembea juu ya chuma. Kwanza huja rangi ya manjano kama nyasi kavu, kisha rangi ya kahawia, kisha zambarau, na mwisho buluu. Kwa kisu husimamisha moto penye manjano. Kwa shoka lipigalo gogo huacha rangi iendelee hata zambarau, ili makali yasibanduke. Hana kipima joto. Macho yake ndiyo kipimo, na ndiyo maana wahunzi wengi hupenda kufanya kazi kivulini, mahali ambapo jua haliwadanganyi. Tukiwaambia wanafunzi wetu chuoni kwamba hii ni sayansi, wengine hucheka. Wakipewa tupa na kipande cha springi wakajaribu wenyewe, kicheko huisha.

Ilikuja miaka ambayo ustadi huu ulihitajiwa kuliko kawaida. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika katika Tanzania nzima, vitu vya dukani viliadimika pia: majembe, misumari, tairi, vipuri vya baiskeli na vya magari. Serikali ilikuwa imekwisha jenga kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo huko Dar es Salaam, na mwaka 1973 ilikuwa imeanzisha shirika la viwanda vidogo, SIDO. Lakini kutoka Ubungo hadi Karagwe ni mbali, na mvua za kupandia haziwasubiri wasafirishaji. Watu wakamkumbuka tena mhunzi. Fundi wa gari alikata bushi katika tairi kuukuu badala ya bushi ya dukani. Tairi hilo hilo likatoa makatambuga ya kuvaa miguuni. Na mpira wa ndani ukakatwa kamba za kufungia mzigo wa ndizi juu ya baiskeli, na za kubania mpini uliopasuka. Hakuna aliyeiita kazi hiyo jina kubwa.

Kuna madini mengine tusiyoweza kuyapita, nayo ni bati. Twapotaja bati watu hufikiri mabati ya kuezekea, ambayo kwa kweli ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni madini meupe, laini, nalo limo katika vilima vya Kyerwa, ambako limechimbwa tangu zamani za utawala wa Waingereza. Huyeyuka kwa joto la digrii 232 tu, hali chuma hutaka zaidi ya digrii 1,500. Likichanganywa na risasi huyeyuka mapema zaidi, na mchanganyiko huo ndio lehemu ya mafundi: ndiyo iliyounga koroboi zilizofanywa kwa makopo, ndiyo iungayo mirija ya rejeta ya gari, ndiyo iungayo nyaya ndani ya redio inayowasemesha. Tuwaonye hapa: risasi ni sumu. Ndoo ya maji ya kunywa, birika, au chombo cha maziwa kisizibwe kwa lehemu yenye risasi. Iko lehemu isiyo na risasi, na fundi aulizwe kwanza. Wala tangi la petroli lisisogezwe penye moto hata likiwa tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani yake hulipuka kuliko petroli yenyewe.

Sasa, mwenye nyumba asiye fundi aanze na vyombo gani? Watu wengi hukimbilia kununua spana nyingi zing'aazo, wakaziacha zipate kutu. Sisi twashauri tupa kwanza. Kwa tupa nzuri utanoa jembe, mundu, msumeno na patasi, na chombo butu ndicho kiumizacho watu, maana hutaka nguvu, na nguvu huteleza. Baada ya tupa, nyundo yenye mpini ulioingia sawasawa, koleo, bisibisi mbili za aina mbili, msumeno wa mbao na wa chuma, spana zile tu ziingiazo katika nati za baiskeli yako au pikipiki yako. Mpime kwanza, ndipo mnunue. Spana iliyo kubwa kidogo kuliko nati huikwangua pembe zake, na nati iliyokwanguliwa itamtesa kila fundi atakayekuja baadaye. Ukimaliza kazi, vipanguse vyombo kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, maana unyevu wa mvua zetu ni adui yake.

Mwenye gari naye na asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Akiisha kuinua, aweke magogo mazito chini ya gari, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki ardhini, kisha alisukume kidogo kwa mkono aone kama limetulia, ndipo ajilaze chini. Wako watu ambao wangalikuwa hai leo kama wangalitumia dakika mbili hizo.

Na ninyi wanafunzi mnaolima mashamba ya shule huko Bweranyange, Nyaishozi, Kayanga, Nkwenda na Murongo, tuna ombi kwenu. Jembe lako likigonga kitu cheusi, kizito, chenye matundu kama mkate ulioungua, usikitupe mtoni. Huenda ni mavi ya chuma, yaani takataka iliyobaki katika tanuri la kale. Ukiona karibu yake kipande cha bomba la udongo kilichoiva kwa moto, jua kwamba mivuo ilisimama hapo. Kiacheni mahali pake, wekeni kijiti cha alama, kamwiteni mwalimu. Kwa kuwa kipande kikihamishwa hakiwezi tena kutuambia tanuri lilielekea wapi, wala lilikuwa karibu na kaya ya nani.